Ua wa Mwanamvua, Ua la Mwanamvua

Chunyu, 14 Novemba 1949

Kwa mpwa wangu Amri,

Assalaam alaykum. Barua hii inakuja kwa mkono wa Mikidadi, dereva wa lori la ufuta, ambaye ameniahidi ataikabidhi kwako mwenyewe wala hataiacha dukani ikawa karatasi ya kufungia chumvi.

Sisi huku ni wazima. Nyumba tuliyopewa haivuji, majirani ni watu wa dini, na korosho za mwenyeji wetu tumeanza kuziokota. Sina cha kulaumu ila kwamba si kwetu. Mara ya kwanza nilihama nikiwa mgongoni mwa bibi yako, vita vya Maji vilipoacha njaa. Mara ya pili nilikuwa kijana, Wazungu walipopigana wao kwa wao na sisi tukawabebea mizigo. Sasa nimehamishwa na shamba la karanga la Wazungu. Ungefikiri nimezoea. Kuhama hakuzoeleki, mpwa wangu. Mtu hujifunza kufunga mizigo vizuri tu.

Nakuandikia kwa ajili ya mama yako. Mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili. Watu anawajua kwa mwendo na kwa kikohozi, na mtu akisimama kimya mbele yake humsalimu kama nguzo. Kisu cha daktari hakitaki kabisa. Juzi aliniambia, "Kaka, kabla macho hayajafumba nataka kuona ua wangu mara moja tu." Wewe una mtambo wa picha mkononi. Matrekta hayajafika kwetu Likwela, nasikia. Nenda ukapige picha ua wa mama yako, uilete kabla giza halijatutangulia.

Neno jingine, nalo ni la siri. Anaulizia kinu chake. Lori lilipojaa siku ile nilikiacha palepale mlangoni pa jiko, nikamwambia kimepasuka njiani. Ukiulizwa, hujui lolote.

Na katika barua yako iliyopita umeandika "magari imefika". Yamefika, Amri. Yamefika.

Mjomba wako,
Shaibu


Nachingwea, 11 Desemba 1949

Mjomba, shikamoo, na shikamoo mama.

Picha ndiyo hii. Nimeiweka kati ya vipande viwili vya boksi ili Mikidadi asiikalie. Ifungue taratibu, uishike kwa kingo.

Lakini kwanza niruhusu nicheke kidogo. Umeandika "ua wa mama yako". Wewe! Wewe uliyenichapa kwa fimbo ya mpera nilipotamka "mayai imevunjika"! Huku kambini kila mtu ana Kiswahili chake. Mngoni anacho chake, Mnyamwezi chake, Mmakonde chake: ua wa, ua ya, ua la, yote yanapokelewa na chakula kinapakuliwa. Sikudhani homa hiyo ingefika hadi Chunyu ikampata mwalimu. Nimejisemea labda umeandika kama mama alivyotamka, na hapo nikaisikia sauti yake, nikaacha kucheka.

Nilijua atalitamani ua lake. Mvua ya kwanza iliponyesha nilimwomba Bwana Majani ruhusa. Ndilo jina tulilompa Mzungu wangu, kwa kuwa kazi yake ni kupiga picha kila jani la porini kabla trekta halijalilaza, na kazi yangu ni kumbebea mtambo na kumsafishia picha. Siku hizi huniachia nipige mwenyewe. Nikafunga mtambo kwenye baiskeli nikaenda Likwela.

Nililikuta limeshatoka. Mama aliyapanda maua yale kuzunguka uzio wote, unakumbuka, alivyoleta vitunguu vya maua hayo kutoka bondeni hadi kijiji kizima kikaliita ua la Mwanamvua. Bua moja lisilo na jani, na kichwani mpira mwekundu wa nyuzi, kila uzi na kichwa chake cha manjano. Nikachagua lililokuwa mlangoni pa uzio, nikapiga magoti nje nikitazama ndani.

Sasa nikueleze, maana wewe hupenda kujua kitu kinavyofanya kazi. Ndani ya lenzi mna tundu linalopanuka na kubanwa, kama mboni ya paka. Ukilibana likawa dogo kabisa, kila kitu kinatoka wazi: ua, mti ulio nyuma ya ua, mlima ulio nyuma ya mti. Ndivyo anavyotaka Bwana Majani, kwa sababu yeye huhesabu. Lakini ukilifungua lote, na ukasogea hadi harufu ya ua inakuingia puani, kinachobaki wazi ni utando mwembamba tu, unene wa ukucha. Mbele ya utando ni ukungu, nyuma yake ni ukungu. Ukisogeza mtambo upana wa punje ya mtama, utando nao unasogea. Unatembea nao ndani ya ua kama mtu anayetembea na kibatari ndani ya nyumba kubwa, chumba hadi chumba, na popote usipofika pamelala.

Msimamizi wa chumba chetu cha giza ni Saturnini, Mmakua wa Masasi, mtani wangu. Siku moja kabla sijaondoka alinikuta nafanya majaribio kwenye ua la mboga.

"Mmwera," akaniuliza, "unalipiga picha au unataka kulila?"

"Nataka mama alione."

"Basi fungua tundu lote. Mama hahesabu nyuzi. Mama anataka kuota."

Nikafungua lote. Upepo ulinisumbua, ua likitikisika kidogo tu linatoka kwenye utando na kuwa moshi. Nikangoja. Likasimama, nikazuia pumzi, nikafyatua.

Nyuzi chache za mbele ndizo nilizoziweka wazi. Tazama unga ulio juu ya vichwa vyake. Zinazofuata zinalegea, za nyuma zimekwisha kuwa pumzi. Na nyuma ya ua vyote vimeyeyuka, vimebaki vipande vya weupe na weusi, kama ndoto unayoikumbuka rangi zake bila kukumbuka habari yake. Nyumba tupu na ghala tupu, vya nini kumtia mama simanzi? Nimeviyeyusha vyote. Limebaki ua peke yake.

Saturnini ameikuza hadi imekuwa kubwa kama kitabu. Alipoitoa majini akasema, "Haya, Mmwera, leo umeoga."

Vigingi vyeupe vya wapimaji vimefika kwenye kichuguu kilicho karibu na uzio wa mama. Mpe mama mkono, uniandikie alivyosema.

Mpwa wako mtiifu,
Amri


Chunyu, 2 Januari 1950

Mpwa wangu Amri,

Picha imefika salama, na ni nzuri. Nimelisema hilo kwanza ili ujue kwamba yanayofuata siyasemi kwa hasira.

Sikuteleza.

Ua likiwa na "la", wingi wake ni maua, nalo huchanua. Ua ukiwa na "wa", wingi wake ni nyua, nao hufagiliwa. Mama yako ameomba ua wake, ule uliozungushiwa mabua na mianzi, wenye jiko na ghala na jiwe la kusagia. Ndani yake alikuzaa wewe. Ndani yake alikaa eda ya baba yako, asiuvuke mlango hadi muda ukatimia. Nyumba yetu ya hapa haina ua. Ni nyumba, kisha uwanja wazi, kisha njia ya watu. Kila asubuhi hushika ufagio, hutoka nje, halafu husimama hajui aanzie wapi wala aishie wapi. Mimi humtazama kutoka dirishani. Baada ya muda huegemeza ufagio ukutani akarudi ndani.

Najua kosa limepitia wapi. Ua lile la mvua lina jina la mama yako, na huko uliko watu wamelegeza ngeli kama mtu anavyolegeza mshipi baada ya ubwabwa. Mimi nami ningeandika neno moja zaidi ningekuokoa. Sikuliandika, kwa kuwa nilidhani herufi moja inatosha kati yangu na wewe.

Picha sijamwonyesha. Nimemwambia haijafika, barabara ni mbovu. Nenda Likwela upesi, bana hilo tundu lako hadi mwisho, uupige ua wote. Mpaka hapo nitaendelea kuilaumu barabara.

Mjomba wako,
Shaibu


Nachingwea, 20 Januari 1950

Mjomba, shikamoo.

Nimekwenda. Usiilaumu barabara tena.

Mvua ilipokatika baada ya ile ya kwanza, walipitisha matrekta mawili yenye mnyororo mzito katikati. Kichuguu kimebaki kwa sababu ni kigumu, trekta hukizunguka. Kutoka hapo hadi kijitoni ni udongo mwekundu uliolala sawasawa kama shuka. Nilisimama mahali nilipodhani ni jikoni. Nikahama, nikasimama pengine, nikadhani hapo ndipo. Mjomba, nimezaliwa mahali pale na sikuweza kujua.

Neno lile lina maana ya tatu, ambayo hukuiandika. Hiyo ndiyo iliyopita Likwela.

Nilimuuliza Saturnini kama ipo dawa ya kurudisha kilichoyeyuka kwenye picha. Akasema, "Dawa zangu hutoa kilichoingia. Ukiingia ukungu, unatoka ukungu." Hakunitania siku hiyo, wala kesho yake, na mtani wako akiacha kukutania ujue umefiwa.

Linaloniuma ni hili. Kila siku nabana tundu kwa ajili ya Bwana Majani. Magugu yake yote yana milima nyuma yake, na hata mbuzi anayepita mbali ana pembe mbili. Kwa mama yangu ndipo nilipofungua. Nilipiga magoti mlangoni, ua wote ulikuwa mbele yangu, jua lilikuwa zuri, nami nikaufuta kwa mkono wangu nikijisifu kwamba namwondolea simanzi.

Mwambie upendavyo. Au mwache angoje. Sijui lipi ni huruma.

Amri


Chunyu, 17 Februari 1950

Mpwa wangu Amri,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama chumbani kwa Saturnini, toka nje penye mwanga.

Picha yako niliificha ndani ya kitabu cha tafsiri, mahali ambapo katika nyumba hii hakuna mkono unaofika ila wangu. Lakini Ashura, mkaza mjomba wako, ambaye hajui kuhifadhi siri wala chumvi, jana aliamua kuvianika vitabu juani. Nikasikia ukelele.

"Ala! Ua la wifi limeingiaje kitabuni?"

Mama yako alikuwa barazani akisuka ukili. Vidole vikasimama.

"Lete," akasema.

"Si picha uliyoiomba, Mwanamvua," nikamwambia. "Mtoto amepiga ua la mvua. Nyuma yake ni ukungu mtupu."

"Lete hivyohivyo."

Akaitoa juani. Akaisogeza hadi ikakaribia kumgusa pua, akaigeuza huku na huku, kama mtu anayenusa embe kujua limeiva. "Hili la katikati silioni," akasema. "Kuna kitu kimeziba, kama kidole." Halafu akaendelea kuitazama hata kuku wakaja kumzunguka wakidhani ameshika ungo.

"Kaka, mbona hukuniambia kwamba ni ua wangu?"

"Hapana ua hapo, dada yangu. Ni ukungu."

"Ukungu gani? Hivi ndivyo ninavyokuona wewe hapo ulipokaa."

Amri, niliinuka. Nilikwenda nikasimama nyuma ya bega lake, na kidole chake kikaanza kutembea. "Ghala hili, limeegama, nilikuambia nguzo yake imeliwa na mchwa ukasema nina maneno. Huu weupe ni jiwe la kusagia, limepigwa na jua la asubuhi. Huu mstari ni mwanzi wa kuanikia nguo." Mimi mwenye macho nilikuwa nayo picha ileile wiki nyingi na sikuona ila madoa. Alipokuwa anataja, kila doa likawa linakwenda kukaa mahali pake, na nikauona mlango, na kivuli cha paa, na njia iliyokwenda chooni.

Kisha kidole kikasimama.

"Na hiki cheusi, kifupi, hapa mlangoni pa jiko?"

Nikakohoa.

"Ni kinu changu," akasema. "Kinu kilichopasuka njiani."

Ashura alicheka mpaka akakaa chini na vitabu vyangu mapajani.

"Unajua, Mwanamvua, siku ile lori lilikuwa..."

"Kimesimama wima kama askari wa boma, kaka yangu. Kinu kilichopasuka hakisimami hivyo."

Nimeadhibiwa. Tangu jana, ugali ukiwa na chenga, Shaibu. Kisamvu kikiwa kigumu, Shaibu. Lakini amekula, mpwa wangu, na ameomba aongezewe.

Kwa hiyo usiseme tena kwamba uliufuta. Ulimpelekea ua wake kama yeye anavyoweza kuuona, nawe hukujua wala mimi sikujua. Ungebana tundu, pengine angeshika karatasi yenye mistari mingi myembamba asione chochote.

Nitakuambia pia lililobaki, maana tumeshalipia kufichana. Kidole chake kikifika ukingoni mwa karatasi, upande wa kushoto, hutafuta zaidi. Anatafuta pale uzio ulipopinda kuelekea kichuguuni, alipokuwa akikaa alasiri. "Hapa umekatika," husema. Anarudia mara nyingi, bila lawama, kama mtu anayejaribu mlango kila anapopita. Nusu ya ua anayo. Nusu nyingine sijui ataifuata wapi, na macho yanazidi kufumba.

Mjomba wako,
Shaibu


Nachingwea, 9 Oktoba 1951

Mjomba, shikamoo, shikamoo mama, shikamoo mkaza mjomba.

Mmesikia bila shaka. Karanga zimewashinda Wazungu. Matrekta yamepangwa safu nyuma ya karakana, na ndege wamejenga ndani ya moja ambalo nadhani nalijua. Bwana Majani ameondoka na mtambo wake na masanduku ya picha. Aliponipa mkono alisema picha zangu za magugu zilikuwa wazi sana. Nikamshukuru.

Saturnini amefungua duka la picha mjini, nami nimo. Tuna pazia lenye ngazi iliyochorwa na kamera ya zamani ya miguu mitatu. Juzi nilijaribu kumpiga bwana harusi mmoja kwa tundu lililofunguliwa, uso wake peke yake uelee, na baiskeli aliyoiegemea iyeyuke. Alirudi na shemeji zake wawili.

"Baiskeli yangu iko wapi?"

"Ipo, bwana. Imelala kidogo tu kwenye ukungu."

"Nimeinunua juzi, unailaza! Nataka hata kengele ionekane!"

Saturnini alicheka hadi akamwaga dawa. Sasa nabana tundu kwa kila mtu.

Nimewahi kutaka kurudi Likwela, lakini sijui nikapige picha nini. Mwambieni mama simsahau, upande ule uliokatika nao siusahau.

Amri


Chunyu, 30 Julai 1953

Mpwa wangu Amri,

Macho ya mama yako yamefumba. Haikuwa siku moja; ilikuwa kama alasiri inayogeuka magharibi, hujui ni lini hasa uliacha kuona uzi wa sindano. Hakulia. Alimwambia Ashura, "Wifi, sasa usiache tena ndoo njiani," basi.

Picha bado anaishika akikaa barazani. Wakati mwingine anaishika juu chini, nami simwambii. Kidole kinakwenda palepale, ghala, jiwe, kinu, kisha kinafika ukingoni na kushuka chini, kikabaki hewani.

Ufagio ameuacha ukutani.

Mjomba wako,
Shaibu


Nachingwea, 19 Desemba 1954

Mjomba, shikamoo. Msomee mama barua hii polepole.

Mvua ya kwanza imenyesha. Nilikuwa nimelala mchana, duka halina watu, nikaota nimepiga magoti mahali na harufu ya ua inaniingia puani. Nilipoamka harufu ilikuwa bado ipo; nadhani ilikuwa ya udongo tu. Nikachukua kamera ya Saturnini na baiskeli yake. Aliniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia, kwetu. Akasema, "Kwenu hakupo, Mmwera." Kisha akanifungia miguu ya kamera kwa kamba yake mwenyewe.

Shamba lile limeachwa. Nyasi zimerudi, vichaka vimefika magotini, na ng'ombe wa mtu wanatembea mahali palipokuwa msikiti wetu. Nilipokaribia kichuguu nikaona wekundu.

Mjomba, yametoka. Vile vitunguu vilikuwa chini kuliko tulivyodhani. Jembe la trekta lilivikata, likavikokota, likavitupa huku na kule, na kila kipande kimeota. Sehemu kubwa yametapakaa ovyo, hayana habari. Lakini pale trekta lilipokuwa likigeuka kukikwepa kichuguu, jembe lilinyanyuliwa. Hapo hayakuguswa. Yamesimama safu, bua moja baada ya jingine, na safu haijanyooka: inatoka upande wa kijito, inapinda taratibu, inakizunguka kichuguu kwa mbali, halafu inakatika ghafla penye tuta la jembe.

Ni upande wa kushoto. Ni ule uliokatika kwenye picha.

Nikajua niliposimama. Hapa ni nje, nikasema. Nikavua viatu, nikapita kati ya bua na bua. Hapa ni ndani.

Nilipanda juu ya kichuguu, nikasimamisha kamera, nikabana tundu hadi mwisho. Tundu likiwa dogo, mwanga unaingia kidogo, na lenzi lazima iachwe wazi kwa muda. Upepo ukipita, umepoteza. Nikangoja jua lishuke na upepo ulale. Maua yote yakasimama kwa pamoja, kama watu walioambiwa wanyamaze. Picha ninayoileta haina ukungu hata kidogo. Kila ua liko mahali pake, la karibu na la mbali.

Najua nimechelewa. Mama yuko gizani sasa, na mimi namletea picha iliyo wazi kuliko zote nilizowahi kupiga. Lakini sikujua nimpe nani mwingine.

Amri


Chunyu, 8 Januari 1955

Mpwa wangu Amri,

Nimemsomea kama ulivyotaka, polepole. Ulipovua viatu alinisimamisha, akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akanyoosha mkono akadai picha, nikampa, akaipapasa ikawa karatasi laini tupu, akanirudishia.

Nilikaa nayo. Mwishowe nikaazima sindano ya Ashura ya kushonea magunia. Nikaiweka picha juu ya mkeka, nikalitoboa kila ua, moja moja, tangu la kijitoni hadi la penye tuta. Umenifundisha kwamba tundu dogo huonyesha kila kitu, nikaona nijaribu. Upande wa nyuma wa karatasi ukatoa vipele, safu nzima. Nikaigeuza nikaweka kidole chake juu ya kipele cha kwanza.

Akafuata safu hadi mwisho. Akakunja uso.

"Si kwangu hapa."

"Ni kwako, Mwanamvua. Amri alisimama juu ya kichuguu chako."

"Umepinda kinyume. Ua wangu haukupinda hivi. Hapa mtu angeingia ndani akajikuta kwa jirani."

Nilitaka kumwambia kwamba miaka imepita, mtu husahau. Namshukuru Mungu sikufungua mdomo. Nilikuwa nimetoboa kutoka mbele na kumpa asome kutoka nyuma. Nilikuwa nimemgeuzia ua wake ndani nje, kama kanzu. Nikamweleza. Alichukua picha, akaigeuza maua yakatazama juu, akaishika kwa chini kama mtu anayebeba sinia, na vidole vyake vikaanza upya safari yao huko chini.

Hapo nikauona uso wake, na siwezi kukuandikia.

"Kijito," akasema. "Sasa panapinda. Polepole, polepole. Hapa palikuwa na mwanzi uliolegea, kuku walipitia hapo. Hapa ndipo nilipokuwa nikikaa." Vidole vikatulia. "Amri alisimama karibu sana. Angeshuka kidogo angekaa kwenye kivuli."

Baada ya muda akauliza, "Na kinu?"

"Hakipo, dada yangu."

"Basi sasa ndiyo kimepasuka. Nimekusamehe."

Ashura akaingia na chai, akamuuliza wifi yake ameshika nini. Mama yako akanigeuzia uso. "Mwalimu," akasema, na unajua huniita hivyo akitaka kunichokoza, "hii ni picha ya ua wa, au ya ua la?"

Nimefundisha ngeli maisha yangu yote, katika vijiji ambavyo vingine havipo tena. Nilitafuta jibu kama mwanafunzi aliyesimamishwa. Ningesema "la", ningekuwa mkweli, na ningesema "wa", ningekuwa mkweli, na hapana neno moja linaloyabeba yote mawili bila kuliangusha moja.

"Vyote viwili, Mwanamvua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji kamili.

Haya ndiyo maagizo yake, nayaandika kama alivyoyatamka. Ukija, usilete picha nyingine, tunazo. Chimba vitunguu vilivyotapakaa ovyo, vile visivyo na habari. Vya kwenye safu usiviguse. Lete vya kutosha kuizunguka nyumba hii ya Chunyu, mlango utazame kaskazini kama kule. Nilimwambia mianzi ya uzio ni adimu huku, tutachukua muda. Akasema, "Mwache aanze na la. Wa atafuata."

Atafuata! Nilimkosoa: ua haufuati kama mtu, ni utafuata. Akanijibu kwamba wake ni mtu.

Sasa ni asubuhi na ninaandika dirishani. Amechukua ufagio ukutani. Yuko nje, hana haraka, na kwa sauti ya mabua ya ufagio juu ya mchanga nasikia kwamba hafagii kwa mstari ulionyooka. Anafika mahali, anapinda.

Mjomba wako,
Shaibu